Uliza Gereji: Supachaja kwenye Fairlady Z ya Mwanza, na maswali mengine mawili

Swali: Shikamoo fundi. Mi ni kijana wa hapa Nyegezi, nina Fairlady Z ile Z33 ya 2004, gia za mkono, injini VQ35DE na ipo kama ilivyotoka Japani ukiacha ekzosi tu. Nimejipanga muda mrefu nataka niifunge supachaja (pampu ya kusukumia injini hewa zaidi) ile ya sentrifugali inayozungushwa na mkanda, tabo inayozungushwa na moshi wa ekzosi sitaki kwa sababu ya joto na mabomba mengi. Nimepata machaguo matatu. Kuna Vortech ya mtumba imetolewa kwenye gari huko Japani, haina intakula ya kupoza hewa. Kuna kit mpya yenye kichwa cha Rotrex, intakula imo ila bei imechangamka. Afu kuna moja ya mtandaoni haina jina, wanasema inaingia injini yoyote, bei yake kama robo ya hizo nyingine. Gari naendea kazini mjini kila siku na Desemba huwa naenda nayo Dar ukweni. Nichukue ipi, na nisukume hewa kwa presha ya psi ngapi? Wabeja sana.
*Kijana wa Nyegezi*

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na umenifurahisha ulivyoandika gari inatumikaje na inaenda wapi, maana wengi wananitajia aina ya gari na bei ya kit basi afu wanasubiri jibu. Kit unaipima kwa gari, kwa mafuta unayoweka na kwa mahali unapoendeshea, na mimi naanzia hapo kwenye mahali kwa sababu iyo safari yako ya Desemba ndo itakayoamua kila kitu.

Mwanza tupo juu. Uso wa ziwa wenyewe upo kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na ukipanda Bugando unaongeza. Kwa urefu huu hewa inasukuma kama psi 12.8 hivi, wakati Dar pale ufukweni ni 14.7. Sasa supachaja ya sentrifugali yenyewe haijui psi, inachofanya ni kuzidisha. Kichwa, yani sehemu yenye mapanga ya kuvuta hewa, kikizunguka kwa spidi fulani kinachukua hewa iliyopo mlangoni na kuizidisha, tuseme mara 1.54, basi. Kwa iyo kit iliyoandikwa "psi 8" ni psi 8 za usawa wa bahari, ukiifunga hapa Nyegezi geji yako itasoma 7 na we utaanza kusema umeibiwa, fundi atakwambia tubadilishe puli tuweke ndogo ili kichwa kizunguke zaidi, mnapata 8 yenu, mnashangilia. Afu Desemba unaondoka. Unapita Shinyanga, Singida, Dodoma, kote huko bado upo juu, gari inakwenda safi kabisa, ukishapita Gairo unaanza kushuka, Morogoro upo kama mita 500 tu, hewa imekuwa nzito, na ile puli ndogo mliyoiweka Mwanza sasa inazidisha hewa nzito. Ukifika Dar ile 8 imekuwa 9.2, tena kwenye joto la pwani na unyevu wake, na programu ya injini iliandikwa Mwanza haijawahi kufika psi hizo hata mara moja. Pale ndo injini inanoki, yani mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda, na mtu anarudi analaumu mafuta ya njiani.

Kwa iyo jibu la psi ni hili: acha puli iliyokuja na kit, kubali kuona 6 mpaka 7 hapa Mwanza, na mwambie anayekutyunia, yani anayekupangia programu ya injini, kabla hajafungua laptop kwamba gari inashuka pwani, aandike mafuta na taimingi (muda wa cheche kuwasha mafuta) za mpaka psi 9 hata kama hapa haitafika huko. Kama unaweza, tyuni ya mwisho ifanyike ukiwa Dar. Tyuni ya Dar ukirudi nayo Mwanza inakuwa salama, sensa ya hewa itaona hewa imepungua na mafuta yatapungua, unapoteza nguvu kidogo tu. Kinyume chake ndo cha hatari.

Halafu kuna injini yenyewe. VQ35DE ya Kijapani ilitoka na PS 280 (nguvu farasi), kompresheni (silinda inavyobana hewa) 10.3 kwa 1, ni injini nzuri sana ila konrodi zake, vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, ndo sehemu inayokatika mapema ukiisukuma, na hapa ndo nakuunga mkono ulivyokataa tabo. Kinachovunja konrodi mara nyingi ni toki (nguvu ya kuzungusha) kubwa inayokuja ghafla kwenye mzunguko wa chini, na sentrifugali haina tabia iyo kwa sababu msukumo wake unapanda kwa kipeo cha pili cha mzunguko, yani ukipunguza rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) nusu msukumo unabaki kama robo. Kama kwenye 6,600 unapata psi 7, kwenye 3,300 utapata pungufu ya 2. Injini inabebeshwa mzigo taratibu.

Ila lazima nikwambie na upande wa pili wa hilo usije ukasikitika baada ya kutoa hela. Kutoka Nyegezi kuja mjini asubuhi, foleni, bodaboda, daladala zinasimama popote, we unatembea na rpm 1,800 au 2,000, pale supachaja ipo ila haifanyi kitu cha maana. Mwezi wa kwanza utajiuliza iko wapi. Utaipata ukishavuka 4,500 na gia ya pili au ya tatu, hapo gari inachanganya mpaka unacheka mwenyewe, na inaendelea kuvuta mpaka mwisho wa geji ambako gari yenye injini ya kawaida huwa imeshachoka. Ukiwa mtu wa kupenda kuvuta gia ni raha sana. Ukiwa unataka gari iruke kwenye taa za barabarani na rpm ndogo, basi nunua kitu kingine, hela hii usiitoe.

Tuje kwenye kit zako tatu.

Ile isiyo na jina iache. Bei siyo shida yangu, shida ni karatasi. Supachaja ya sentrifugali ndani ina kitu cha kuongeza spidi, na kichwa kina kikomo chake ambacho kampuni lazima ikupe. Chukua mfano: puli ya kranki inchi 6, puli ya supachaja inchi 3, ndani inazidisha mara 3.6, injini ikifika 6,600 kichwa kinazunguka mara 47,520 kwa dakika. Hesabu ya dakika moja, lakini utalinganisha na nini kama hawajaandika kikomo? Na "inaingia injini yoyote" maana yake hamna breketi ya injini yako, breketi mtachomelea gereji, na mkanda unaotaka mstari ulionyooka hausamehe milimita hata mbili.

Vortech ya mtumba siikatai, ni mashine inayoheshimika, watu wameifunga kwenye Z33 miaka mingi. Ila kabla hujatuma hata senti omba video. Mkanda uwe umetolewa, azungushe puli kwa mkono ukisikiliza, gia zake zina mlio wa kawaida kidogo ila kukwaruza hapana, afu ashike kichwa cha ndani cha kuvuta hewa akitikise kushoto kulia, na uangalie ncha za mapanga yake kama zimegusa ukuta, ukiona hata alama ndogo inayong'aa kwenye ukuta achana nayo. Uliza ni ipi, maana kuna zinazotumia oili ya injini, hizo zinataka sampo itobolewe ili oili irudi, na kuna zenye oili yake ndani kama V-3, hiyo kwako ni rahisi zaidi. Uliza breketi zote, puli ya kranki, rola, nozeli kubwa, pampu ya mafuta na vali ya kuachia hewa kama vimo, kwa sababu kichwa peke yake siyo kit, na vitu vidogo hivi ukianza kuviagiza kimoja kimoja bei inakaribia mpya. Na uliza kama gari ilikotoka ina usukani wa kulia kama yako.

Haina intakula, na hilo ndo linaloniuma. Hewa ikiingia na nyuzi 30 za hapa kwetu, ikizidishwa mara 1.54 na mashine yenye ufanisi wa asilimia 70, inatoka na nyuzi kama 87. Kwa kompresheni ya 10.3 mi sitaki hewa ya nyuzi 87 ndani ya silinda wakati unapanda na gari ina mizigo ya Desemba. Watu wanaendesha bila intakula kwa psi 6 au 7, ndio, wakirudisha taimingi sana, lakini ukirudisha taimingi unarudisha na nguvu uliyoilipia. Kama ukiichukua iyo Vortech weka bajeti ya intakula ya mbele siku hiyo hiyo.

Rotrex ndo ningeichukua ingekuwa gari yangu. Ni ya Denmark, na yenyewe haitumii gia za meno, inatumia rola zinazobanana zikiwa zimezamishwa kwenye mafuta maalumu ambayo yakibanwa yanakuwa magumu kwa nukta ile na kupeleka nguvu, ndo maana ipo kimya na kichwa chake kidogo kinaweza kuvuka mizunguko 100,000 kwa dakika kwa baadhi ya modeli. HKS wa Japani nao wana supachaja za familia hiyo. Kwa gari ya kila siku ule ukimya ni kitu kikubwa, trafiki hakusikii, majirani hawakusikii.

Sharti lake ni moja na halina mjadala, yale mafuta. Ni ya Rotrex wenyewe, jina lake linaanza na SX, yana tanki lake dogo, filta yake na kipoza chake kidogo. Huwezi kuweka ATF ya gia otomatiki wala oili ya injini wala "inayofanana nayo", ukiweka kitu kingine zile rola zinateleza na zinakwisha. Kwa iyo unapoagiza kit agiza na chupa za ziada na filta, zikae ndani kwako kabatini. Usisubiri bomba lipasuke ndo uanze kuzunguka maduka ya spea mjini.

Mafuta ya gari sasa. Hapa watu wengi wanajichanganya. Kit za Marekani zinaandikwa "okteni 91" au "93" na mtu wa huku anaona kwenye sheli yetu kuna 95 anasema tumewazidi. Hatujawazidi. Wamarekani wanapima kwa wastani wa vipimo viwili, sisi tunatumia kimoja tu kati ya hivyo, RON, ile 91 yao ni karibu na 95 au 96 yetu, na 93 yao ni kama 98. Programu iliyokuja imeandikwa 93 ya Marekani usiiwashe na mafuta ya hapa, hata siku moja. Na petroli ya kidumu pembeni ya barabara kwa gari hii isahau, jaza kwenye sheli inayouza sana, na ukiwa safarini usisubiri taa iwake.

Kama hamna wa kukutyunia karibu, kuna wanaotyuni kwa mbali, unarekodi gari ikiendeshwa unawatumia faili wanarekebisha. Inafanya kazi, lakini funga geji ya waidibendi ya kupima mchanganyiko wa hewa na mafuta kabla ya kila kitu, na uliza kwanza kama programu yao inakubali kontrol boksi ya Kijapani, wengine wanashughulika na za Marekani tu. Kurekodi kunataka kufungua injini mpaka mwisho wa geji, hiyo barabara ya Usagara ina watoto wa shule na ng'ombe na tochi za trafiki, tafuta uwanja au barabara ya watu uliowaomba, usiku wa manane siyo suluhisho.

Kabla ya yote pima kompresheni ya silinda zote sita. Ikiwa moja ipo chini kuliko wenzake, hela ya supachaja inaenda kwenye injini kwanza. Badilisha plagi uweke za baridi zaidi hatua moja, angalia klachi maana ya zamani itaanza kuteleza wiki ya kwanza, na breki usinifanye niandike.

Jambo la mwisho kwako ni filta ya hewa. Kit nyingi zinaipeleka chini ndani ya bampa karibu na tairi, kwa sababu hewa ya pale ni baridi. Huko kwao lami imenyooka. Huku kwetu mvua ikinyesha saa moja maji ya mlimani yote yanashuka barabarani, na Mto Mirongo ukijaa unajua mwenyewe mjini panakuwaje, gari ya chini kama Z filta ikizama injini inakunywa maji na konrodi inapinda hapo hapo. Mwambie fundi aipandishe, atengeneze boksi la kuizuia na joto la injini, ukose nguvu farasi chache. Na vumbi la kiangazi pia, kichwa kinachozunguka elfu hamsini mchanga unamla ncha, safisha filta kila unapomwaga oili.

Ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 viweke kwenye bajeti pamoja na usafiri, usihesabu bei ya mtandaoni peke yake. Na kampuni yako ya bima waambie gari imefungwa nini, kwa maandishi.

Swali: Fundi habari za kazi. Nina Mark X ya kwanza, 2.5, GRX120. Nimeona gari za wenzetu zina ule mluzi wa supachaja, nami nataka, hata psi 5 tu. Kuna jamaa Igoma amesema ananifungia kwa wiki moja.
*Mdau wa Igoma*

Jibu: Salama kaka. Usifunge. Nasema hivyo moja kwa moja kwa sababu ni gari yako ya familia na najua imekugharimu. Injini yako ni 4GR-FSE, kompresheni yake ni 12 kwa 1, ipo juu tayari, na nozeli zake zinapuliza mafuta ndani ya silinda moja kwa moja kwa presha kubwa, hazina nozeli nyingine kwenye manifodi kama 2GR-FSE ya 3.5. Ukiongeza hewa lazima uongeze mafuta, na kwako mafuta ya ziada yatapita wapi? Nozeli na ile pampu ya presha kubwa zimepimwa kwa PS 215 za gari na siyo zaidi sana. Jamaa wa wiki moja atafunga, itapiga mluzi, itakuwa inakauka mafuta huko juu na we huoni kitu mpaka pistoni itoboke.

Ndugu wa damu wa gari yako anayestahili kusukumwa yupo, Toyota kupitia Modellista waliwahi kuuza Mark X yenye supachaja kutoka kwao wenyewe, PS 360, lakini walianzia na ile ya 3.5. Kwako we fungua manifodi uangalie vali za kuingiza hewa, injini za aina yako zinajaza masizi pale kwa sababu petroli haipiti kuzisafisha, zikisafishwa gari yenyewe inarudi. Hela inayobaki weka shokapu na tairi, barabara ya Musoma utaiona tofauti.

Swali: Habari fundi, mimi ni dada wa Kirumba, nina Altezza RS200 injini 3S-GE, niliinunua ikiwa tayari imefungwa supachaja ya sentrifugali na aliyekuwa nayo. Ilikuwa inavuta vizuri. Sasa nikifika kama 5,500 geji ya busti (msukumo wa hewa) inafika psi 6 afu inaanza kushuka wakati rpm zinaendelea kupanda. Fundi mmoja amesema supachaja imekufa, ninunue nyingine. Ni kweli?
*Dada wa Kirumba*

Jibu: Salama dada yangu, na hongera, RS200 iliyotunzwa ni gari tamu sana. Usinunue kitu bado. Supachaja ya aina hii busti yake inatakiwa ipande na rpm mpaka mwisho, na injini yako inaenda mpaka zaidi ya 7,600, kwa iyo ikishuka katikati ina maana kichwa kimeacha kuongeza spidi, au hewa inatorokea mahali, au haiingii ya kutosha. Kufa kwa mashine yenyewe huwa kunakuja na kelele, na we hujaniambia kelele.

Anza na mkanda, kwa dalili zako mi naweka pesa yangu hapo. Zima injini ipoe, ingiza kidole nyuma ya puli ya supachaja, ukikuta unga mweusi kama masizi na sehemu za karibu zimechafuka, mkanda unateleza. Angalia upande wa ndani wa mkanda, mistari ikiwa inang'aa kama imepigwa varnishi umeshaungua, badilisha. Lakini usibadilishe mkanda peke yake, mpya nao utaungua, tafuta kwa nini umeteleza. Weka rula ndefu iliyonyooka kutoka puli ya kranki mpaka ya supachaja uone kama zipo mstari mmoja, shika rola ya kukazia uitikise kama beringi imelegea, na angalia boliti za breketi moja moja, breketi ikichezacheza puli inahama kila unapokanyaga mafuta, hapo gari ikiwa imesimama utaiona sawa kabisa. Na asije mtu akapulizia ile dawa ya kunatisha mkanda, inanata siku mbili afu inashika vumbi na mkanda unateleza zaidi.

Mkanda ukiwa mzima, toa filta ya hewa ujaribu mara moja fupi bila filta sehemu isiyo na vumbi. Busti ikirudi, filta imeziba. Isiporudi, piga sabuni ya maji kwenye viungo vyote vya mabomba ya intakula, puliza hewa ndani kwa presha ndogo ya kompresa, psi 5 zinatosha, utaona mapovu panapovuja. Angalia zaidi vali ya kuachia hewa, springi yake ikichoka inafunguka mapema na hewa inarudi ilikotoka, na bomba lake dogo la vakyumu likipasuka kidogo tu inatosha kufanya hivyo hivyo.

Wakati unatafuta usivuke 5,000. Mkanda wa namna iyo kwenye baadhi ya kit ndo huo huo unaozungusha na jenereta na pampu ya maji, fungua boneti uangalie yako imepitaje, na kama ni mmoja nunua miwili, wa pili ukae kwenye buti pamoja na spana ya rola.